UZI: Vita vya Elden Ring vilikwisha zamani, mbona askari wangali langoni?

Asalaam aleikum wanangu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye nafasi atie kahawa yake akae. Ntataja mambo ya ndani mpaka mwisho wa gemu, kwa hivyo kama hujamaliza na hutaki kuharibiwa utamu usiteremke chini.

Juzi usiku nlikuwa kwa jamaa mwenye PlayStation pale Bondeni, nimelipia saa yangu, wenzangu wote wacheza mpira, kijana mmoja akasimama nyuma ya kiti changu akatizama kama dakika kumi hivi kisha akasema hii gemu haina stori, ni kufa na kufufuka tu. Sikumjibu, nlikuwa kwenye pigano. Lakini nimelala na hilo neno nikaamka nalo, na si mara ya kwanza kulisikia, hata humu lishasemwa sana. Mie naona kinyume kabisa. Hakuna gemu nilocheza ilonionesha vita na dola ilokufa kwa ukweli kama hii, na sababu yangu si mapigano yake, sababu yangu ni kwamba wewe mchezaji wafika kila kitu kishakwisha.

Kwa asojua, upesi upesi. Elden Ring ilitoka 25 Februari 2022, ni kazi ya FromSoftware ya Japani, Hidetaka Miyazaki ndiye aloongoza, na George R. R. Martin akaandika ile historia ya kale, mambo yalotokea kabla hujaingia. Palikuwa na malkia, Marika, na dola yake ya mti wa dhahabu. Mwanawe Godwyn akauliwa usiku. Kisha Elden Ring, ile sheria ilokuwa imeushika ulimwengu wote, ikavunjwa, na aloivunja ni Marika mwenyewe. Watoto wakagombania vipande, kila mmoja akapata chake na kila mmoja akapata wazimu wake, wakapigana mpaka wakachoka, hakuna alotoka mshindi. Hapo ndipo waingia wewe, mtu wa ukoo ulofukuzwa nchi, umeitwa urudi uje kuokota.

Sasa nenda pale lango la kwanza, Gatefront, njia ya kuelekea ngome ya Stormveil. Kabla hujaanza kuchinja watu jifiche kwenye nyasi utizame tu. Askari wako kambini, sare zimechanika, nembo kifuani imefifia, nyuso zimekauka kama ng'onda. Watembea njia ile ile, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Akikuona mmoja apuliza baragumu. Yuamwita nani? Bwana wao Godrick amejifungia ngomeni, yuajishonea mikono ya watu aliowakata ili aonekane mkubwa, huyo ambaye mji mkuu aliukimbia kajificha kati ya wanawake. Hakuna amri inayokuja, hakuna mshahara, hakuna adui mwenye jina, na hawa bado wako lindoni. Na hata kufa hawafi wakapumzika, manake Marika alishakitoa kifo cha kweli ulimwenguni tangu zamani, ndio maana nchi nzima imejaa watu walochakaa ambao hawaishi wala hawafi. Wapita njiani wakutana na wakubwa wa zamani wamevaa mavazi ya fahari yaloraruka, watembea walia, hawajui waendako.

Hio ndio stori, kijana wa Bondeni. Haisimuliwi na mtu kukaa akakuhadithia. Yasimuliwa na vilivyobaki.

Na mie nadhani sisi wa Mombasa ndio tungeielewa kabla ya watu wote, manake tumezaliwa juu ya vilivyobaki. Ngome yetu hii, Fort Jesus, tunayoipita kila siku twenda baharini, Wareno walianza kuijenga 1593. Ukiingia ndani ukafika pale palipowekwa vipande vya ukuta vyenye michoro, simama. Michoro ile ni ya askari na mabaharia wa Kireno, walichora kwa makaa na udongo mwekundu, merikebu, makanisa, watu. Si kazi ya fundi, mistari mingine imepinda, waona kabisa huyu ni mtu amekaa lindoni na joto letu hili hana la kufanya, akachora chombo cha kumrudisha kwao. Hujui jina lake. Nlipoiona mara ya kwanza nlikuwa darasa la saba, mwalimu atusukuma twende upesi, mie nikabaki nyuma naitizama merikebu moja. Miaka mingi baadaye nacheza Elden Ring nafungua begi nasoma maelezo ya kofia ya askari nilomuua, mistari mitatu minne tu, nikajihisi niko pale pale mbele ya ule ukuta. Gemu hii yakupa vitu kama makumbusho yanavyokupa, kijiti hapa na kigae hapa, kuunga ni kazi yako.

*

Naendelea. Stima ilipotea hapa.

Nataka nikae kwa eneo la Caelid kidogo manake hapo ndipo penye moyo wa hii gemu.

Watoka Limgrave, eneo unaloanzia, majani ya kijani, upepo mzuri, wavuka kwenda mashariki na mbingu yageuka nyekundu kama jeraha. Ardhi imeoza. Mbwa wamekuwa wakubwa kama ng'ombe, ndege wana meno. Mwanzo nlidhani ni eneo la kutisha watu tu, kama gemu zote zinavyokuwa na eneo lao la kutisha. Kumbe pale ndipo walipokutana Malenia na Radahn, majenerali wawili wakubwa kuliko wote wa vile vita, wakapigana hakuna alomuweza mwenziwe, mpaka mwisho Malenia akaufungulia ule uozo mwekundu alozaliwa nao mwilini, ukachanua kama ua, na nchi nzima ikaoza. Hakushinda. Alizimia akabebwa. Mmoja katika mashujaa wake, Finlay, alimbeba mwendo wote mpaka kwao kaskazini, yu peke yake, kila anayemfuata yuapigana naye huku amembeba. Hilo hulioni popote kwenye skrini, hakuna video yake, ni maelezo ya kitu unachookota, na mie nlisoma mara mbili tatu nikaweka pedi chini.

Na Radahn? Uozo ulimla akili. Waenda pale pwani kwenye mchanga wamkuta mbele ya silaha mia zilochomekwa ardhini, yuazunguka akila maiti, za rafiki na za adui, hatofautishi tena. Na hapo chini yake, mtu mkubwa vile kama jumba, kuna farasi kadogo kamekonda, Leonard. Radahn alijifundisha uchawi wa uzito ili aweze kuendelea kumpanda farasi wake bila kumvunja mgongo, kwa sababu hakutaka kumuacha. Akili imekwenda, jina lake mwenyewe hana tena, lakini farasi bado yuko chini yake hajavunjika. Wallahi nlipojua hilo nlishindwa kumpiga kwa moyo mmoja.

Waliobaki wake ngomeni Redmane wamemfanyia sherehe, wamealika mashujaa kutoka kila upande waje wamuue, apate kifo cha heshima. Watu wanaompenda ndio walioandaa. Wengine humu waliandika kuwa ile sherehe ni kichekesho, mna mtungi wenye miguu unaopiga mbio na kadhalika. Mie sikucheka. Na askari wake wengine wako kule kwenye kinamasi mpaka leo, wachoma moto ule uozo usisambae zaidi, bwana wao hana habari nao, hakuna atakayekuja kuwashukuru, lakini kazi ni kazi na wao wachoma.

Hapa narudi Ngome tena mnisamehe. 1696 mwezi wa Machi Waomani walikuja kuizingira, na mzingiro ukaenda mpaka Disemba 1698, karibu miaka mitatu. Unapohadithiwa shuleni yaonekana kama mizinga na mapanga. Lakini wengi walokufa mle ndani hawakufa kwa mizinga, walikufa kwa maradhi na njaa. 1697 ikafika hali Wareno ndani wamekwisha kwa tauni, na alobaki kuishika ngome ile ya mfalme wa Ureno ni Bwana Daud wa Faza, Mswahili, na jamaa zake na Waafrika wachache ambao wengi wao walikuwa wanawake. Fikiria. Wenyewe washakufa, bendera ni ya watu wengine, na wewe ndio uko ukutani. Na walipoishinda Waomani mwishowe, meli za Wareno za kuja kuokoa zilitokea siku chache baadaye, zikaona bendera imebadilika, zikageuza. Ndio maana nikimtizama askari wa Gatefront apuliza baragumu simuoni kama kiumbe cha gemu.

*

Nimeona majibu. Kuna alosema nawacha gemu nahubiri historia, na kuna alouliza kwa heshima tu, je, dola yenyewe ilikuwa mbaya ama nzuri, gemu yasema nini? Hilo swali ni zuri ntalijibu kwa vitu viwili.

Kitu cha kwanza, yale mabehewa ya Limgrave. Mwajua yale majitu mawili yavuta gari kubwa la mizigo, mmeyavamia nyote mara ngapi kwa sababu ya ile silaha iloko nyuma. Sasa mara nyingine ukiwa pale nenda karibu utizame zile minyororo. Haikufungwa shingoni wala mabegani, imepitishwa mwilini. Imetoboa kifua. Na majitu yale ni ukoo wa wale ambao zamani, Marika alipopigana vita na majitu wa milimani, waligeuka wakawa upande wake dhidi ya ndugu zao. Walisaidia dola ikashinda. Malipo yao ni hayo, kuvuta gari.

Mie babu yangu mzaa babu alikuwa mpagazi Vita vya Kwanza, hilo nyumbani kwetu lajulikana ingawa hakuna karatasi wala medali. Waingereza na Wajerumani walipigana huku kwetu 1914 mpaka 1918, na mizigo yote, risasi, unga, hema, ilikwenda juu ya vichwa vya watu weusi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi wao si kwa risasi, ni kuhara, homa, njaa. Pale Jomo Kenyatta Avenue kuna sanamu za maaskari, waipita matatu zapiga honi hakuna anayeinua kichwa. Mie nainua kila siku. Sasa nionyeshe gemu ngapi za vita zakuonyesha hamali. Jenerali twamuona, upanga wake twauona mpaka nakshi za mpini. Anayebeba chakula cha jenerali haonekani. Elden Ring imemuweka barabarani, saa ya kwanza tu ya kucheza, minyororo kifuani.

Kitu cha pili, Morgott. Huyu ndiye mfalme unayemkuta Leyndell, mji mkuu wa dhahabu. Alizaliwa ana pembe, na kwa dola ile mwenye pembe ni laana, hata akiwa mtoto wa malkia, wakamfungia kwenye mitaro ya maji machafu chini ya mji, yeye na nduguye. Vita vilipokuja ndugu zake wote wenye sura nzuri wakatawanyika kila mmoja na uchu wake. Alobaki kuulinda mji na mti ni nani? Ni yule wa mitaroni. Waingia pale penye viti vya enzi vitupu avitaja wenyewe mmoja mmoja, na sauti ile si ya mtu mbaya, ni ya mtu alofagia nyumba ya watu maisha yake yote na mwenye nyumba hakuwahi kumuuliza jina. Maelezo ya roho yake yasema kwamba hakupendwa kamwe na ule mti lakini yeye aliupenda. Kisha mwisho wa gemu mji ule ule wafunikwa na majivu, wapita juu ya mapaa alokuwa akiyalinda, na wewe ndie uloenda kuwasha moto.

Kwa hivyo ndugu yangu aloniuliza, gemu haikwambii dola ni mbaya kwa kukuandikia ukutani. Yakwambia nani alivuta gari na nani alifungiwa mitaroni, kisha yakuonyesha kwamba hao hao ndio walobaki waaminifu. Na ile nyongeza ya 21 Juni 2024 ndio yazidi, huko wamkuta Messmer na jeshi alotumwa na mamake, Marika, kwenda kuchoma nchi nzima kwa moto, kisha mama akaifunika nchi ile kwa kivuli akawaacha humo humo, na kijiji alichotoka Marika mwenyewe chapatikana kitupu, maua na kimya, watu wake walifanyiwa unyama wa kutiwa mitungini. Yeye aliyeonewa ndiye alokuja kuonea. Hapo sina la kuongeza.

*

Naja kwenye lawama yangu, manake yule mwengine amesema nasifu tu kama nimelipwa.

Hii gemu imekosea jambo moja kubwa. Yadhani dola ikifa watu wote wafa nayo.

Tizama ule ulimwengu wote, mkubwa vile, bahari imezunguka kila upande. Wapi wavuvi? Hakuna nyavu iloanikwa, hakuna mama anayekuna nazi, hakuna soko, hakuna mtoto alotumwa dukani. Watu wa kawaida wote wamekuwa makapi yanayojikokota. Ila kwetu haikuwa hivyo, na hatukuwa watu wa bahati. Wareno walikuja wakachoma mji huu zaidi ya mara moja. Wakaondoka wakaja Waomani, wakaja Mazrui wakajitawalia, 1837 Seyyid Said akaushika mji, 1895 Mwingereza akaigeuza Ngome kuwa jela. Na siku zote hizo kuna mtu aliamka alfajiri akaenda kutizama dema lake. Wakati wa Mazrui na vita vyao vyote mji huu ulikuwa na Muyaka bin Haji, atunga mashairi ya kumdhihaki adui leo na kesho atunga ya mapenzi na ya deni. Hata magofu, nenda Jumba la Mtwana pale Mtwapa, waona msikiti hauna paa, visima, kuta za matumbawe, na hatua chache tu kutoka pale wavuvi wavuta ngalawa ufukweni. Mji ulikufa, watu walihama wakaenda wakaendelea kwengine. Mtu yeyote alolelewa Pwani angeitengeneza gemu hii angetia angalau jiko moja linalotoka moshi.

Kuna wachuuzi, kweli, wale wakaao peke yao kwenye magofu wakipiga fidla, na ukoo wao ulizikwa hai kwa kusingiziwa uzushi, hilo laumiza. Kuna kijiji cha mitungi. Ni chache, kwa nchi kubwa vile.

Lakini yuko mmoja alonizuia nisikasirike kabisa, naye ni Boc.

Boc mwamkuta mwanzo mwanzo Limgrave, amegeuzwa kichaka, wasikia sauti tu yaomba msaada, ukimpiga arudi kuwa yeye, kiumbe kadogo wa wale nusu watu, kibaya wa sura, mwoga. Wenzake wamempiga wamemfukuza kwenye pango la pwani, wamemnyang'anya sindano ya mamake. Sindano. Mamake alikuwa mshonaji. Ukiingia pangoni ukaipata ukamrudishia, aanza kukufuata kutoka kituo hadi kituo, dola imevunjika, miungu wameoza, na yeye akuuliza kama una nguo yataka kurekebishwa.

Shangazi yangu wa Kibokoni ashona kofia za mkono. Akaa kwenye kizingiti asubuhi kabla jua halijageuka upande wake, kitambaa juu ya goti, atoboa vijitundu kimoja kimoja akivizungushia uzi, kofia moja yaweza kumla wiki nyingi, na macho yake si ya zamani tena, sasa uzi nautia mie. Nlimuonyesha Boc kwenye simu. Akatizama ile mikono akasema huyu ashika sindano sawa. Kisha akauliza mamake yuko wapi.

Baadaye Boc ataka umsaidie azaliwe upya awe na sura ya mtu, manake anadhani mtumishi wako hafai kuwa mbaya hivyo. Kwa Rennala, yule malkia mchawi, jambo hilo lawezekana. Ukimkubalia, abadilika, na haishi muda. Njia nyingine ni ile ya kumfanya asikie neno kwamba yu mzuri, kuna kichwa cha udongo kinachosema hivyo ukikitumia mbele yake, na hilo neno aliyekuwa akimwambia ni mamake peke yake. Akilisikia hataki tena kubadilika. Aendelea kushona.

Nimemaliza gemu mara tatu na zote tatu nimempa lile neno. Ijumaa baada ya swala ntapita tena Bondeni, yule kijana nikimkuta nimlipie saa moja, aanze na pango la pwani.